Karte Yenye Tulibadilishana

Siku ya pili, tarehe 4 mwezi wa pili

Godé hakukula tena. Niliacha bukari na sombe pembeni ya kitanda asubui. Nikarudia saa sita: baridi, nzi juu. Nikakula miye. Chakula haitupwe mu nyumba yangu.

Nilimugombeza. Hajibu. Mutoto ya tumbo yangu, mwanamuke muzima, anageukia ukuta sawa muntu banamukataza kutoka.

Dorka, binti yake mudogo, hatake kulala naye tena. Anasema mama iko baridi. Analala na miye. Anapiga mateke.

Mvua tangu mapambazuko. Ndoo yote inajaa. Ni hiyo tu ya muzuri leo.

Siku ya ine, tarehe 6

Kisha misa, padri alisema bamama benye balifiwa na muntu kwa gafula babakie. Tulibakia bengi. Mbele yetu kulikuwa bantu ya iniversite. Bageni babili benye balishuka na ndege ku Luano, profesa moja ya hapa mwenye tumbo, na binti moja ya Makomeno, mwanafunzi, jina Natali. Anasoma psikoloji. Banajifunza mambo ya roho na akili ya bantu, alisema. Miye niliishia darasa ya ine kwa bamasere, batawa ya kanisa. Lakini roho ya bantu nimeiona karibu, na ya bengi.

Proje yabo njo hii: bamama banakaa mu muzunguko kila juma, na masere moja mwenye alifunzwa kusikiliza. Banasema maumivu yabo. Masolo tu, kuzungumuza, dawa hapana. Kisha miezi, proje itaangalia kama masolo inaponyesha ao haiponyeshe.

Mama Kapinga alinipiga na kiwiko. Jirani yangu, muntu ya Kasai, anauza thomson, samaki ya barafu, ku soko, kinywa yake haifunge. Lori ilimuponda bwana yake mwaka jana. Aliniuliza na sauti ya chini: "Mama Kalenga, bataleta na sukari?" Nikamwambia anyamaze. Bageni habalipe, habalete sukari. Nilikuwa nafikiri Godé.

Trezo, kijana yake ya kwanza, alienda kuchimba mawe ya shaba mbele ya Noeli. Udongo ikamufunika. Benzake balitolewa. Yeye hapana, iko kule kule. Tulilia kilio bila maiti. Hakuna kaburi ya kwenda kufagia. Toka ile siku Godé na ukuta.

Lazima aingie mu ile proje. Nilijaribu maombi, nilijaribu kumupiga na maneno, nilijaribu supu. Sina ingine.

Siku ya posho, tarehe 8

Nilimuosha miye mwenyewe, nikamufunga kikwembe sawa mutoto. Tukapita mu Hewa Bora yote, mutaa yetu, namushika mukono, bantu banaangalia. Baangalie.

Ilikuwa siku ya maulizo. Kila mama anapata karte. Juu ya karte kuko namba, jina hapana. Banasema ni siri, ili muntu asisikie haya. Toka leo namba yako ni weye. Natali anauliza, mama anaonyesha kidole ku picha. Glasi ya butupu, glasi yenye maji kidogo, glasi ya nusu, glasi ya kujaa. Unalala usiku? Unakula? Unasikia kama ni bure kuishi? Kujaa maana yake maumivu ni mingi. Natali anaandika zero mpaka tatu, mwishoni anajumulisha.

Godé hakuonyesha kintu. Nikanyoosha kidole yangu pa glasi ya kujaa. Natali akatoa mukono yangu pale. "Hapana, Kambo. Yeye mwenyewe." Ananiita kambo, sawa bibi yake, na katoto ka juzi kananitoa mukono. Lakini alingoja. Hakumusukuma, hakurudilia ulizo, alingoja mpaka miye nilichoka kusimama. Na Godé akainua kidole. Kujaa. Kujaa. Kujaa.

Mama Kapinga alionyesha glasi ya butupu kila mara. "Andika zero, binti yangu, nirudie ku samaki, inayeyuka." Natali alicheka. Bamama bengi balifanya vile vile. Kumwambia mugeni kama unatamani kufa ni kuita kifo mu kiwanja yako. Nani atafanya ile? Ni benye balikuwa chini kabisa tu njo balionyesha kweli, kwa sababu habakukuwa tena na nguvu ya kudanganya.

Nilijua ile. Sikumwambia Natali. Hakuniuliza.

Siku ya kwanza, tarehe 10

Bamefanya kintu ya ajabu.

Balitoa Natali inje kwanza. Eti mwenye anauliza bamama haifae ajue nani iko mu grupe gani, asije kuandika na upendeleo. Kisha mugeni moja akatia namba yote mu beseni, akafunga macho, akachota. Namba yenye ilitoka inaanza masolo juma hii. Yenye ilibakia mu beseni itangoja mpaka mwezi wa tano.

Kapinga: kuanza. Godé: kungoja.

Nilisimama. Niliuliza profesa kama iko na mama. Tombola juu ya bantu benye kufiwa. Ku hospitali mwenye kutoka damu anapita mbele, ata kichaa anajua ile.

Alinieleza pole pole, sawa unaeleza mbuzi. Eti tukiweka benye kuumia sana mu grupe moja na benye kuumia kidogo mu ingine, mwishoni hatutajua kama ni masolo ilifanya kazi ao kama ile bantu balikuwa tofauti toka mwanzo. Grupe mbili lazima ifanane. Weye ukichagua, ata na roho muzuri, utachagua na macho yako. Beseni haina macho.

Ilikuwa na akili, ile maneno. Sikumupa ile furaha ya kuona kama nimeelewa. Nilimuuliza: "Na mutoto yangu, mpaka mwezi wa tano, atafanana na nani?" Aliangalia saa yake.

Nilirudia na hasira. Nilivunja sahani.

Siku ya pili, tarehe 11

Mama Kapinga alipita mapema, na harufu yake ya samaki. Hakukaa. Akaweka karte yake juu ya meza.

"Godé aende na hii. Nipe yake."

Nikamuuliza kama haimuletee mugumu.

"Mugumu gani? Karte iko na sura? Kilio yako ni mubichi, Mama Kalenga. Yangu inaanza kukauka. Mwezi wa tano iko pale tu."

Kwetu iko hivi. Pa bomba ya maji, pa hospitali, pa mulango ya kanisa, mwenye kilio mubichi anapita mbele. Habaulize ruhusa, habatangaze. Unasogea, anapita. Na karte haina jina: iko ya mwenye anaishika.

Asante haisemwe pa kintu ya hivi. Nilimufungia mihogo ya kuchemusha akaenda nayo ku soko. Alisema chumvi ni kidogo.

Siku ya ine, tarehe 13

Nilimupeleka Godé. Miye nilikaa inje, chini ya dirisha ya sale ya paroasi, na Dorka. Natali hakuwa pale, hana ruhusa ya kukanyaga. Profesa na bageni habakuye.

Niliangalia ndani mara moja tu. Mama Ilunga alikuwa pale, mwenye kuzika mapacha yake. Beseni ilimwambia angoje, nilisikia na masikio yangu. Ule mujane ya nyuma ya shule pia. Na mwengine mwenye haombe tena ata Mungu. Bote benye beseni ilibaacha.

Kumbe si Kapinga peke yake. Hewa Bora yote ilipita nyuma ya ile beseni na kurekebisha kazi yake. Bila mukutano. Mwenye nguvu alisogea, mwenye kulia akapita.

Nilicheka peke yangu. Dorka akauliza juu ya nini. Nikamwambia ashone kifungo ya nguo yake.

Siku ya posho, tarehe 1 mwezi wa tatu

Godé alioga mwenyewe. Sikusema kintu, ili asiache.

Siku ya ine, tarehe 13

Alirudia ku masolo na macho mekundu. Nilianza kumuuliza hapa pa mulango. Akanigeukia: "Mama, unasukuma sana. Uache kunisukuma."

Toka Noeli hajanipandishia sauti. Nikamujibu na yangu, kubwa kuliko yake. Jirani balifungua dirisha. Tulipiga kelele mpaka bukari ikaungua. Kisha alikaa pa mbabula, jiko ya makala, akasema ku masolo leo alitaja jina. Trezo. Mbele ya bantu. Mara ya kwanza toka kilio.

Nilienda nyuma ya nyumba. Nilikaa kule kidogo.

Siku ya Mungu, tarehe 23

Dorka alirudia mu kitanda ya mama yake. Nililala vibaya. Kitanda kubwa sana.

Siku ya pili, tarehe 1 mwezi wa ine

Maulizo tena, ya bote: benye masolo na benye kungoja. Natali na picha yake ya glasi. Karatasi ya mara ya kwanza balimufungia mbali, ili isimupotoshe. Anaona namba ya karte, anaandika, anaita mwengine.

Godé alionyesha mwenyewe. Nusu. Kidogo. Nusu. Pa ulizo ya kuishi bure, alifikiri sana: kidogo. Yeye mwenye yote ilikuwa ya kujaa. Nilitaka kucheza pale pale. Nilishika benchi.

Mama Kapinga alikuya na karte ya Godé. Butupu, butupu. Pa ulizo ya kulala alikawia. Akaonyesha nusu. Kisha akacheka: "Ni panya, zinanilamusha." Natali akaandika.

Niliona. Nilikuwa na haraka ya kurudia na furaha yangu.

Siku ya ine, tarehe 10

Kufuli ku mulango ya sale. Padri anasema proje inasimama. Si juma hii tu. Inasimama. Grupe ya kungoja pia haitaanza. Sababu hajue, balimuandikia tu.

Godé alikuwa na kikwembe yake ya muzuri. Alisimama mbele ya kufuli muda murefu, sawa muntu anangoja kufunguliwa. Bamama bengine balikuya, baliangalia, balirudia. Yeye alisimama. Nilimuita. Nilimuvuta.

Tulifika ku nyumba. Alivua kikwembe, alikunja, alilala. Ukuta.

Siku ya posho, tarehe 12

Nilienda Makomeno na miguu. Nilipiga mulango tatu mbele ya kupata ya kwabo Natali. Mama yake alikuwa anachagua maharagwe pa baraza. Natali akatoka, macho imevimba. Nilimwambia sikuya kunywa maji. Nilikuya kusikia.

Alisema: "Kambo, tulikuwa tunabaumiza. Lazima tuache, njo sheria ya kazi yetu."

Akanieleza moyene. Unachukua maumivu ya bamama bote ya grupe, unamimina mu chombo moja, unagawanya sawa sawa mu glasi. Njo ile glasi moja inasimama pa pahali ya bote. Basi. Glasi ya grupe ya masolo mwanzo ilikuwa chini, sasa inapanda. Ya grupe ya kungoja mwanzo ilikuwa chini vile vile, sasa inashuka kabisa. Benye kukaa bila kintu banapona, benye kusaidiwa banazidi kuumia. Bageni baliogopa. Balifunga.

Nikamwambia ni uongo. Mutoto yangu aliamuka ku kitanda na hii masolo. Akasema, na heshima, muntu moja haionyeshe kintu, moja anaweza kupanda na kumi banazama, njo maana banahesabu bote. Akaniuliza namba ya Godé, aniangalilie.

Nilifungua fundo ya kikwembe, nikatoa karte. Akatafuta mu mashini yake; aliuliza bamama bengi sana, anaamini namba, si sura. "Unaona, Kambo? Hii mwanzo alionyesha zero ku kila ulizo. Sasa iko na nusu na nusu. Anaharibika."

Godé. Zero.

Ni pale njo nilielewa. Polepole, sawa maji inaingia mu kiatu. Nikasema: "Hii karte ni ya Mama Kapinga."

Natali hakuelewa mara moja. Nikamueleza kilio mubichi, nikamueleza kusogea. Akatoa miwani. "Ni weye peke yako, Kambo, ao kuko bengine?"

"Bengi."

Aliweka mukono pa kinywa. Nilifikiri anacheka, na kweli alianza kucheka, kisha haikuwa tena kucheka. Akahesabu na sauti: zero ya Kapinga ilipata nusu ya Godé, banaandika anaharibika. Kujaa ya Godé ilipata zero ya Kapinga, banaandika amepona na kungoja. Na hivi hivi mu nyumba yote yenye ilibadilishana. Masolo ilikuwa inaponyesha labda, alisema. Labda inaponyesha sana. Karatasi inasema inaua.

Mama yake aliniangalia sawa miye nilimupiga binti yake.

Sikuomba musamaha. Nilimugombeza. Muliuliza bamama maneno ya kulala na kulia, munakuya na ndege, munakuya na beseni, na hamukuuliza moja tu: huku kwenu, mwenye anaumia sana mbele ya mwenye anaumia kidogo, nani anapita kwanza? Mutoto ya Hewa Bora angekujibu. Natali alisema: "Ni kweli, Kambo. Na miye ni muntu ya huku. Ningejua."

Nilirudia na jua juu ya kichwa. Na miye nilijua vile vile, namba yako ni weye, balituambia. Nilisikia na masikio haya mbili.

Siku ya tatu, tarehe 16

Natali alisema kama kila mama atataja karte yake ya kweli, labda profesa anaweza kupanga upya. Tulibaita mu kiwanja ya paroasi. Balikuya, balikaa, balifunga mikono.

Hakuna mwenye alisema.

Nilijua itakuwa hivi. Mwenye alipeana, akisema mbele ya bantu, ni sawa anadai asante. Mwenye alipokea, akisema, anaonyesha bote kama alipita mbele ya mwengine. Mama Ilunga aliniangalia macho kavu, akaapa kama karte yake ni yake toka mwanzo. Muongo. Niliita uongo yake uongo. Natali akanivuta kikwembe.

Mama Kapinga njo alisimama. Amekonda, sikuiona mbele ya leo. "Miye nilipeana yangu. Sidai kintu. Munaangalia nini, nguruwe inapita? Semeni, turudie." Bengine babili batatu balifuata. Mujane ya nyuma ya shule alisema na kulia. Bengine balinyamaza mpaka mwisho, balibeba benchi yabo.

Nilitukana kiwanja butupu.

Siku ya Mungu, tarehe 20

Pasaka. Godé hakutoka. Kuku nilipika, Dorka alikula paja zote mbili.

Siku ya ine, tarehe 24

Profesa alinipokea akisimama. Natali pembeni yake, kichwa chini.

Hapana. Njo jibu. Nusu inataja, nusu inaficha, na hakuna namna ya kujua nani anasema kweli. Kusahihisha benye balitubu tu ni kupotosha mara ya pili. Beseni ilivunjika siku ile ile ya kwanza, na beseni yenye kuvunjika haishonwe. Bataondoa neno ya kusema masolo inaumiza. Pahali yake bataandika kama hatuwezi kusema kintu. Haiponyeshe, haiumize. Hatujue.

Nikauliza, na bamama? Kama haiumize, fungua mulango.

Alisema bageni balisharudi kwabo. Batapima mu muji ingine, pahali pengine, na jina juu ya karte. Ile bamama ya kule batapata, kama inaponyesha. Alisema kwa ile tulibasaidia kujifunza kintu.

Nilitaka kumutemea mate. Nilimwambia tu afunge shati, kifungo moja ilikuwa wazi pa tumbo. Alifunga.

Heri bangesema ni sumu. Sumu ni kintu. Mutoto yangu alirudia mu bantu mbele ya macho yangu, na mu karatasi yabo haikufanyika.

Siku ya pili, tarehe 6 mwezi wa tano

Godé halale, hakule. Nilijaribu kufanya sawa masere. Nilikaa pa kiti mbele yake, mikono juu ya magoti. Nikamwambia aseme. Nikangoja. Nikamwambia tena aseme. Nikakasirika.

Sina ile kipaji. Najua kupika, najua kuzika, najua kugombeza. Kungoja sijue.

Siku ya posho, tarehe 10

Meza ya Mama Kapinga ku soko iko butupu. Mwenye kuuza pembeni anasema juma ya pili sasa. Nilimaliza kununua nyanya. Mu njia nilifikiri: mwezi wa tano imefika, zamu ya Kapinga ya kuanza masolo.

Siku ya tano, tarehe 16

Nilienda kwa Kapinga. Mulango haikufungwa. Alikuwa chini, ku mukeka, na nguo ya kwenda nayo ku soko. Hakucheka, hakuniuliza sukari. Alisema: "Mama Kalenga, ile lori inapita mu nyumba kila usiku."

Kilio yake haikukauka. Hakuna kintu ilikauka. Alisogea tu.

Nilifagia, nilimupikia uji, nilimugombeza kidogo, na ile ilikuwa yote. Nilirudia na nikalia mu njia. Nilikasirika juu ya bantu kuniona.

Siku ya Mungu, tarehe 18

Baridi imeingia. Upepo ya kavu, moshi ya majani kila pahali.

Asubui nilisimama pa mulango ya Godé. Sikumuvuta. Nilisema: Kapinga iko chini, na karte yako ilikuwa ya Kapinga. Nikaenda kuwasha mbabula. Kisha wakati nikasikia anatafuta viatu.

Tulienda bote babili. Kwa Kapinga, Godé alikaa chini ku simenti, karibu ya mukeka, hakumugusa. Alikaa bure. Miye nilianza kusema kintu, ili tuanze. Godé akainua mukono kunizuia, bila kuniangalia, nikanyamaza. Mutoto yangu mwenyewe.

Nikatoka inje. Nilichukua ufagio. Ndani hakukuwa sauti. Kisha kulikuwa moja, ya chini, sijue ya nani. Kisha hapana tena, muda murefu.

Sijue kama inaponyesha. Hakuna tena mwenye kuja kuuliza glasi.

Nilifagia kiwanja yote ya Kapinga, mpaka ku barabara. Upepo ikarudisha majani. Nikaanza tena.